Nyama yahitaji joto, si mzigo wa kuni

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Usemi huu tunawafundisha watoto shuleni na kuurudia kwenye mikutano ya hadhara, lakini jikoni tumeusahau. Leo, ndugu msomaji, naomba nikukaribishe jikoni, mahali ambapo kurasa za maoni hufika kwa nadra, kwa kuwa wengi wetu tushikao kalamu hudhani kwamba mambo makubwa huamuliwa bungeni na barazani tu. Mimi nimesadiki kwamba sehemu kubwa ya jasho la watu wetu wa Gusii, hususan akina mama, humwagika kandokando ya sufuria ya mchuzi, na kwamba humwagika bila sababu.

Disemba moja miaka michache iliyopita, dadangu alirejea nyumbani kwetu, pande za Kebirigo katika Nyamira, akitokea jimbo la Minnesota nchini Marekani. Msomaji wa Kisii au Nyamira hahitaji kuelezwa habari za Minnesota. Huko ndiko walikohamia maelfu ya watu wetu, wengi wao wakiwatunza wazee na wagonjwa, wakishika zamu ya usiku kabla ya kupumzika vyema kutokana na zamu ya mchana. Katika sanduku lake dadangu alikuwa amebeba chungu cha umeme cha kupikia polepole, chombo cha kigae kizito kilichotiwa ndani ya mkebe wa bati wenye waya wa umeme.

Alitusimulia jinsi kinavyomsaidia ughaibuni. Alfajiri hukata nyama na kuitia humo pamoja na viazi, karoti na vitunguu, akabonyeza kidude, akaenda zake kazini. Arudipo baada ya muda wa saa nane au tisa, hukuta mchuzi mzito unaonukia, na nyama ikiachana na mfupa yenyewe. Shangazi yetu, ambaye umri wake umepita miaka sabini, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Na ni nani huchochea moto, mwanangu?"

"Hakuna, shangazi. Umeme hufanya kazi hiyo peke yake."

"Basi umeme huo una adabu kuliko kuni zangu."

Siku ya pili tulinunua kilo tatu za nyama ya muundi sokoni Keroka, tukajaza chungu kile, tukakiunganisha na umeme, tukakaa kitako kungojea maajabu. Maajabu yalitokea mapema kuliko tulivyotarajia. Chombo kilianza kutoa harufu ya kuungua, kikatoa moshi, kisha kikanyamaza milele. Kosa halikuwa la chombo, bali letu. Umeme wa nyumba za Marekani ni wa volti 120, ilhali wetu ni wa volti 240. Kifaa cha kutia joto kikipewa volti maradufu, hukokota nguvu mara nne. Kile kilichoundwa kutumia wati 200 hulazimishwa kumeza wati 800. Mtu akilishwa chakula cha watu wanne kwa mkupuo mmoja, naye pia atanyamaza.

Nyama ilihamishiwa kwenye sufuria, sufuria ikarudishwa juu ya mafiga, na shangazi akarudi alikozoea kukaa. Kuni zilikuwa mbichi. Alipuliza, akakohoa, akafuta macho kwa ncha ya leso, akapuliza tena. Mchuzi ulipoiva ilikuwa saa tatu na nusu usiku, na watoto wawili walikuwa wamekwisha kulala bila kula. Tulikula kimya. Siwezi kusema kwamba mchuzi haukuwa mtamu, lakini tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza: je, kuna ulazima gani wa nyama moja kumtoa mtu machozi kwa muda wa saa tatu?

Hebu kwanza tuangalie asili ya chombo chenyewe, maana kuna somo ndani yake. Chungu cha umeme cha kupikia polepole kilibuniwa na Mmarekani aliyeitwa Irving Naxon, ambaye alipewa hataza yake mwaka 1940. Kilienea majumbani tangu mwaka 1971, kampuni nyingine ilipokiuza kwa jina la Crock-Pot. Naxon hakupata wazo hilo katika maabara. Alilipata kutoka kwa mama yake, aliyemsimulia maisha ya Wayahudi wa Lithuania. Kwa kuwa dini yao iliwakataza kuwasha moto siku ya Sabato, waliandaa chungu cha nyama na maharagwe siku ya Ijumaa, wakakipeleka kwenye tanuri la mwoka mikate, wakakiacha humo usiku kucha kipikwe na joto lililosalia. Yaani mashine tunayoistaajabia leo ni hekima ya wanakijiji iliyovishwa bati na waya.

Siri ya hekima hiyo ni nyepesi. Nyama ya muundi, ya shingo, ya kidari na ya mkia ni ngumu kwa sababu ni misuli iliyofanya kazi maisha yote ya ng'ombe, nayo imefungwa kwa nyuzi ngumu ziitwazo kolajeni. Nyuzi hizo hazivunjwi kwa ukali wa moto. Hulainika kidogo kidogo zikikaa saa kadhaa katika joto la digrii 70 na kuendelea, zikageuka jelatini, ile inayoufanya mchuzi uwe mzito na kugandama midomoni. Moto mkali unaotokotesha sufuria kwa fujo hauziharakishi kwa kiasi cha maana. Unachofanya ni kukausha mchuzi, kukaza nyama na kuteketeza kuni. Maji yakishachemka, hata ukiongeza kuni kumi, hayatazidi joto lake la kuchemka.

Na hapa kwetu Gusii lipo jambo jingine ambalo watu wa pwani hawalijui. Kadiri mtu apandavyo mlima, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini zaidi, takriban digrii moja kwa kila mita 300. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Mjini Kisii, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka kwa digrii 94 au karibu na hapo, na kwenye vilima vya majani chai vya Nyamira huchemka kwa joto la chini zaidi. Kwa hiyo muundi ule ule huchelewa kuiva Nyamira kuliko Mombasa, na mpishi wa Nyamira hulipa tofauti hiyo kwa kuni na kwa mapafu yake.

Malipo hayo si madogo. Katika sensa ya mwaka 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, nayo Nyamira 605,576. Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 957 katika kila kilomita moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa kutoka kwa babu hadi baba, kutoka kwa baba hadi mwana, mpaka mengine yamebaki vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka barabarani hadi mtoni. Mahali penyewe ni pa chai, ndizi, mahindi na malisho ya ng'ombe mmoja. Kuni zitatoka wapi? Zinatoka kwa mikaratusi iliyopandwa hadi kando ya chemchemi, ambayo tunalalamika kila kiangazi kwamba inanyonya maji yetu. Zinatoka kwa jirani kwa bei inayopanda. Na pale zisipopatikana, mama hupika kwa mabua na matawi mabichi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020. Hiyo si hesabu ya mbali; ni kikohozi cha shangazi.

Sasa kuna watakaosema kwamba dawa ni kununua chungu cha umeme kilichoundwa kwa volti zetu. Sina ugomvi na mwenye uwezo. Chombo cha wati 200 kikiwaka muda wa saa nane hutumia, kwa kiwango cha juu kabisa, yuniti moja na sehemu sita ya umeme, na kazi yake ni nzuri. Lakini umeme wetu una desturi ya kuondoka bila kuaga, hasa mvua inaponyesha, na mvua ya Gusii haihitaji mwaliko. Vilevile kuna nyumba nyingi ambazo yuniti za umeme hununuliwa kwa shilingi za kubahatisha, zikatosha taa na simu tu. Nyumba hizo zisubiri hadi lini?

Haziko katika haja ya kusubiri. Kipo chungu cha polepole kisichohitaji umeme wala makaa, nacho ni kikapu cha kupikia. Maafisa wa kilimo na vikundi vya akina mama nchini Kenya wamekuwa wakikifundisha kwa miaka mingi, wakikiita jiko lisilo na moto. Hata Ulaya wanakijua. Mwaka 1867 kifaa cha namna hii kutoka Norway kilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza iliwahimiza raia wake kupika ndani ya sanduku la nyasi kavu ili kuokoa makaa. Na sisi Abagusii tusijifanye wageni wa jambo hili. Ni nani kati yetu hakuona obokima ya wimbi ikitiwa ndani ya ekee, kile kikapu kilichofumwa kwa ustadi, ikafunikwa na kubaki moto hadi mgeni amalize salamu? Tulijua kutunza joto la ugali. Kilichobaki ni kutunza joto la mchuzi.

Baada ya mkasa wa Disemba, tulimtengenezea shangazi kikapu chake, nami naeleza hapa ili msomaji atakaye ajaribu. Chukua kikapu kikubwa, kipana kuliko sufuria yako. Kitandike ndani kwa gunia safi. Jaza vitu vikavu vinavyoshika hewa, kama vile majani ya migomba yaliyokaushwa vizuri, nyasi kavu, vipande vya blanketi kuukuu au sufi, mpaka kila upande na sakafu iwe na unene wa sentimita 10 au zaidi. Acha tundu katikati linaloikumbatia sufuria barabara. Shona mto mzito wa kufunikia juu. Ukipenda, ficha yote kwa kitambaa kinachofulika. Gharama kubwa hapa ni mchana mmoja wa kazi.

Mchuzi wenyewe huanza kama mchuzi wowote. Kwa kilo moja na nusu ya muundi wenye mfupa, kata vipande vya ukubwa wa yai, si zaidi. Vikaange kwa mafuta kidogo hadi viwe vya rangi ya kahawia. Usiruke hatua hii, kwani ladha huzaliwa hapo. Tia vitunguu viwili, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, kisha nyanya nne, ukoroge mpaka zivunjike. Mimina maji ya moto yafunike nyama na kupita kidogo, utie chumvi. Funika, uache ichemke sawasawa kwa muda wa nusu saa. Ndipo uongeze karoti mbili, viazi vinne na ndizi mbichi chache zilizomenywa. Chemsha dakika kumi nyingine. Sufuria iwe imejaa angalau robo tatu, maana chakula kingi hutunza joto na chakula kidogo hupoa upesi. Pangusa masizi, hakikisha hakuna kaa lililonata chini, ingiza sufuria kikapuni pamoja na mfuniko wake, ukandamize mto juu. Kisha nenda shambani.

Usifunue kuchungulia. Kila unapofunua, unawafukuza wapishi. Baada ya saa nne toa sufuria, irudishe motoni ichemke tena dakika kumi, nyunyiza dania, ule. Utaikuta nyama imelegea, mchuzi umekuwa mzito bila unga, na viazi havijavurugika. Weka kando yake obokima ya wimbi na chinsaga iliyopikwa kwa maziwa, uone kama kuna atakayeuliza habari za Minnesota.

Hata hivyo, ukweli usemwe wote. Kikapu si umeme. Hakiongezi joto, hukilinda tu kilichopo. Chungu cha dadangu kingeweza kungoja kutwa nzima, lakini kikapu hakingoji hivyo. Chakula kikishuka chini ya digrii 60, vijidudu hupata nafasi ya kuzaana, kwa hiyo mchuzi usilale kikapuni kuanzia alfajiri hadi usiku, na usiliwe bila kuchemshwa tena. Maharagwe nayo, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe kwa nguvu si chini ya dakika kumi kabla ya kuingia kikapuni. Onyo hili la maharagwe wenye vyungu vya umeme walishike pia, maana moto wao mdogo hauiondoi sumu hiyo peke yake.

Ratiba ya mkulima wa chai inaweza kupatana na masharti haya. Moto wa chai ya asubuhi ukipikia pia mchuzi, sufuria itaingia kikapuni saa mbili, nacho chakula kitaliwa saa saba mchana. Anayetaka kula jioni aitie kikapuni saa tisa alasiri, majani yakishapimwa, atakula saa moja watoto wangali macho. Na mpangaji wa Nyanchwa, Jogoo au Mwembe mjini Kisii, ambaye hupikia gesi na hutetemeka kila mtungi unapoishiwa, atagundua kwamba dakika arubaini za gesi zimefanya kazi ya saa tatu.

Nimewahi kusikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba moto wa jikoni hutupasha joto katika jioni za baridi, na watu huketi kuuzunguka wakasimuliana. Pingamizi hii naiheshimu, kwani nami nililelewa kando ya moto huo. Lakini tofautisha moto wa kuota, ambao mtu huuwasha kwa hiari na kuuzima akitaka, na moto wa kazi unaomfunga mama mmoja kwenye kigoda huku wengine wakiwa sebuleni wakiuliza kama chakula ki tayari. Masimulizi hayakuletwa na moshi, yaliletwa na watu kukaa pamoja, na mama asiyechochea kuni ana nafasi kubwa zaidi ya kusimulia.

Pingamizi ya pili husemwa kwa sauti ya chini: kwamba kikapu ni chombo cha maskini. Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Kitu kile kile kikija kwa ndege kikiwa na waya, tunakiita maendeleo na kuwaita majirani waje kukiona. Kikitoka kwa mfumaji wa vikapu wa Nyamira, tunakiona aibu. Umaskini si kupika ndani ya kikapu. Umaskini ni kulipa kuni za saa tatu kwa kazi ya nusu saa, kisha kuwalaza watoto na njaa.

Serikali za kaunti zetu mbili, ambazo tangu mwaka 2013 zimekabidhiwa sehemu kubwa ya kazi za kilimo na afya, zina nafasi hapa. Hazihitaji wafadhili wala semina hotelini. Maafisa wa nyanjani wakipita kwenye vituo vya kununulia chai na kwenye zahanati wakiwa na kikapu kimoja na sufuria moja, wakakifunga saa mbili na kukifungua saa sita mbele ya watu, somo litajifundisha lenyewe. Vikundi vya wafumaji vitapata soko. Na waume, ndugu zangu, tusingoje serikali ituonyeshe njia ya jikoni. Kuketisha sufuria ndani ya kikapu hakuhitaji jinsia.

Chungu cha dadangu hakikutupwa. Shangazi alikitenganisha na bati lake lililoungua, akaosha lile bakuli la kigae, naye hulitumia kuhifadhi unga wa wimbi. Mara ya mwisho nilipomtembelea, nilimkuta uani saa tano asubuhi akichambua chinsaga, jikoni mkiwa hamna hata moshi. Nilidhani hakuna chakula. Alinielekeza kwa kidevu kwenye kikapu kilichokuwa pembeni, akasema: "Keti, mwanangu. Kinapika." Kisha akaendelea kunipa habari za ukoo, moja baada ya nyingine, bila kukohoa hata mara moja.